Rampu ya Uani kwa Bibi

Mwezi uliopita nilikuwa Nizwa, huku Oman, kwa kazi za ofisi. Jioni, nikirudi hotelini kwa miguu, nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni: magurudumu madogo yakikwaruza saruji, kisha kimya kifupi, kisha kishindo. Nyuma ya maduka palikuwa na kiwanja kipya cha watoto, na ndani yake kuta fupi za saruji zilizopinda. Msichana mmoja, mtandio kaufunga nyuma ya shingo, alisimama ukingoni na ubao wake wa magurudumu, akavuta pumzi, akashuka. Wenzake wakampigia makofi. Mimi nimesimama na mkoba wangu, na unajua nilichohisi? Wivu. Mwanamke mzima, mwenye mshahara na gari, namwonea wivu mtoto wa watu. Nikajua ule wa zamani haujanitoka.

Ngoja nikueleze wivu huo ulikotoka.

Nililelewa Al Kamil, kwenye barabara ya Sur, nyumba moja na bibi mzaa baba. Bibi alizaliwa Unguja, akaja Oman keshakuwa mama wa watoto, na Kiswahili chake hakukiacha hata siku moja. Asubuhi nyumba nzima ilinukia iliki na mafuta ya mandazi. Mama yangu ni Mwarabu wa pale pale, hajui Kiswahili, kwa hiyo mimi nilikisikia chote lakini sikukisema. Bibi akiniambia, "Mjukuu wangu, hebu niletee kawa lile nifunike chakula," nilileta kawa na kumjibu kwa Kiarabu. Hakunikemea. Nilidhani ndivyo bibi na wajukuu wanavyoongea duniani kote, huyu kwa lugha yake na yule kwa yake.

Halafu akaja binamu yangu.

Ammi, mdogo wake baba, alipata kazi Sur, na nyumba waliyopangiwa ilikuwa bado inatengenezwa. Basi yeye, mkewe na binti yao wakakaa kwa bibi majira yote ya baridi. Binamu alikuwa na miaka kumi na miwili, mimi kumi na mmoja. Mama yake ni Mzanzibari, wamekaa Unguja muda mrefu, kwa hiyo yule mtoto aliingia mlangoni, akavua viatu, akamwendea bibi moja kwa moja.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba, mwanangu, marahaba!" Bibi akamshika mashavu. "Hebu sema tena nikusikie."

Akasema tena. Bibi akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Miaka kumi na moja nilikuwa nimemletea bibi kawa, maji, miwani, dawa na msahafu, na sijawahi kumchekesha hivyo. Kuanzia siku ile nilikuwa nikiwasikia jikoni, wanakuna nazi na kuchambua mchele, wanasimuliana, bibi anauliza habari za mitaa ya Unguja na mtoto anajibu. Nikiingia, walinyamaza kidogo kunipisha, kisha wakaendelea. Hawakunifukuza. Lakini mimi nilikuwa nimefukuzika.

Binamu alikuja na ubao wa magurudumu, mwekundu kwa chini. Ammi, ambaye hakuweza kukaa bila kupigilia msumari, akamtengenezea rampu, mteremko wa kuchezea ubao, uani, baina ya ukuta na tangi la maji. Ilikuwa ya mbao, imepinda vizuri, juu ina kijukwaa chenye ngazi pembeni, na ukingoni kafunga bomba la chuma. Urefu wake ulinifika kifuani. Ukiwa chini, si kitu. Panda juu utazame chini, ndipo utakapoijua.

Kushuka kutoka juu binamu aliita kudropu. Unakanyaga mkia wa ubao kwa mguu wa nyuma, ubao wenyewe unaning'inia hewani, halafu unaweka mguu wa mbele na kujiachia. Yeye alizunguka uani vizuri sana, alipanda rampu kutokea chini na kurudi, lakini kudropu aliogopa. Kila jioni alipanda juu, akaweka mguu, akautoa, akashuka kwa ngazi. Kila alipotoa mguu, roho yangu ilipoa. Hapo ndipo nilipoona nafasi yangu. Kitu kimoja tu nimshinde, na bibi awepo anione.

Nikaanza kujifunza kwa siri. Baada ya chakula cha mchana nyumba nzima hulala, na ubao ulikuwa ukiachwa barazani. Siku ya kwanza nilianguka mara sita. Nilikuwa naegemea nyuma, kama kila mwenye hofu, na ubao ulinichomoka na kwenda zake ukutani, mimi nikaanguka chali. Mara ya sita nikasikia mtu anasema juu yangu, "Utajivunja kiuno, wewe mtoto."

Alikuwa dada wa Tanga, aliyemsaidia bibi kazi za nyumbani. Kashika beseni la nguo. Nikamwomba kwa Kiarabu asiseme. Akatua beseni, akasimama chini ya rampu, akaninyooshea mikono.

"Unavyofanya unaukimbia huo ubao," akasema. "Ufuate. Peleka kifua mbele, njoo kwangu."

Nikashika mikono yake, nikapeleka kifua mbele, na kwa mara ya kwanza magurudumu yote manne yakagusa mbao. Siku nne akinishika mikono yote miwili, siku mbili mkono mmoja, na siku ya saba akajifuta mikono yake kwenye dera, akasema, "Leo mimi naanika nguo." Nikashuka peke yangu. Nikashuka tena, na tena, na yeye anaanika nguo huku anatabasamu bila kunitazama.

Nikapanga iwe Ijumaa alasiri, wakati ambao bibi huletewa kiti chake uani na kunywa kahawa na tende. Ijumaa ikafika. Bibi kakaa, ammi kakaa, baba yupo, dada wa Tanga anamimina kahawa. Nilikuwa nimeshavaa viatu. Lakini binamu alinitangulia, akapanda juu na ubao wake, na bibi akaita, "Haya mwanangu, leo leo!"

Akaweka mguu. Akasita. Halafu akaniinamia mimi niliyesimama pembeni ya ngazi, akaninong'oneza, "Wewe unaonaje? Niegemee wapi, mbele au nyuma?"

Sijui kwa nini aliniuliza mimi. Labda kwa sababu nilikuwa karibu. Nilikuwa na jibu mdomoni, nililolilipia kwa magoti na viwiko. Nikamtazama bibi alivyoinua shingo kumwangalia yeye.

Nikamwambia kwa Kiarabu, "Nyuma. Ukienda mbele utaangukia uso."

Akaniamini. Ubao ukachomoka, yeye akaweka mkono nyuma kujizuia, na mlio wa mfupa sote tuliusikia. Alipiga ukelele mmoja tu, kisha akanyamaza, na kile kimya ndicho kilichowatisha wakubwa. Ammi akambeba mpaka garini. Bibi, ambaye kupanda gari kulimpa shida ya magoti, alipanda bila kushikwa. Wakaondoka kwenda hospitali, wengine wakawafuata, na uani tukabaki wawili.

Dada wa Tanga akaja akasimama mbele yangu. Alikuwa ameona midomo yetu ikinong'ona.

"Ulimwambia nini?"

Nikainama kufungua kamba za viatu.

"Nakuuliza, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia aegemee nyuma."

Nilisema kwa Kiswahili. Sentensi yangu ya kwanza nzima ya Kiswahili katika nyumba ile ilikuwa hiyo, na bibi hakuwepo kuisikia.

"Mimi sitasema," dada akasema. "Maneno hayo ni yako, utayasema mwenyewe." Akaokota ubao, akauweka barazani, akaenda kuwasha jiko.

Sikuyasema. Binamu alirudi na plasta nyeupe mpaka kwenye kiwiko, na sasa akalala kitanda kimoja na bibi, akalishwa na bibi kwa mkono, akaogeshwa na bibi. Nitakuambia ukweli wote, maana tumeshafika hapa: niliona wivu hata wa ile plasta. Mkono wake uliovunjika kwa fitina yangu ukamletea kila nilichokuwa nikikitaka mimi. Ammi akaibomoa rampu wiki ile ile. Mbao zake zikawa mlango wa banda la mbuzi. Kushuka kwangu hakuna aliyekuona, isipokuwa mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika nguo, naye mkataba wake ulipokwisha akarudi kwao.

Nilijifunza Kiswahili baadaye, taratibu, kwa bidii ya mtu anayelipa kosa. Bibi alifurahi, alinisahihisha, alinicheka. Tulipata miaka mizuri, siwezi kusema uongo. Lakini mwaka jana alipofariki nilikuwa ndiyo kwanza naanza kumuuliza maswali.

Siku ya tatu ya msiba, mimi na binamu tulikuwa jikoni tunaosha vikombe. Yeye sasa ana watoto wawili na sauti ya bibi kabisa. Nikaona nisipoyatoa leo sitayatoa. Nikamwambia yote: mchana wa siri, mikono ya dada wa Tanga, lile neno "nyuma."

Akasimama na kikombe mkononi.

"Wallahi sikumbuki kama nilikuuliza," akasema. "Mimi najua niliteleza tu. Ninachokumbuka ni wewe kunifunga vifungo vya sare kila asubuhi tukienda skuli, miezi miwili, mpaka plasta ikatoka." Akacheka kidogo. "Na hukuwa ukisema neno. Nikisema moyoni, huyu mtoto ananipenda lakini ana haya."

Akanibusu kwenye paji la uso, akaendelea kuosha.

Nyumba imeshapangishwa. Uani waliopanga wameweka paa la kuegesha magari, na Kiswahili hakisikiki tena pale. Binamu ameondoka na majira yale ya baridi yakiwa safi, bibi yumo, vifungo vimo, na mimi nimo, mtoto mwema mwenye haya. Siku ile jikoni nilimtazama anavyosuuza vikombe, na nikamwonea wivu hata kusahau kwake.