Vitambaa vya Mama Mdogo Milembe

Pamba ikikaa ndani ya nyumba muda mrefu huwa na harufu yake, harufu ya vumbi na dawa ya wadudu, na ukilala karibu nayo unaamka koo limekauka. Msimu ninaoukumbuka, wanunuzi walichelewa, pamba ikajaa chumbani kwetu hadi dirishani, na mimi, dada yangu Limi na mama mdogo Milembe tukawa tunalala juu yake. Kwetu ni kijijini Kishapu, si mbali na Mhunze. Mama mdogo alikuwa amekuja kuishi kwa mama yangu, dada yake, baada ya kurudi kutoka Geita. Alichukuliwa akiwa na umri wa Limi, akarudi mwanamke mzima ambaye hata dada yake hakumtambua mara moja.

Aliyemchukua alikuwa shangazi yake wa ukoo, na aliahidi kumsomesha. Badala yake aliamshwa alfajiri kuwapikia wachimbaji, mchana akaponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, usiku akalala jikoni, mlango umefungwa kwa nje. Akiomba ujira aliambiwa mtoto wa ndugu halipwi. Kusoma alijifunza kwa kuchungulia watoto wa mwenye nyumba walipokuwa wakifundishana mezani. Haya yote sikusimuliwa. Niliyasoma, kwa sababu mama mdogo aliyaandika kwa uzi kwenye vitambaa vya makochi.

Wanawake wa kwetu hupenda vitambaa vyenye maua na maneno ya kumkaribisha mgeni. Maua ya mama mdogo yalikuwa mazuri kuliko ya wote, lakini katikati yake, kwa uzi mwekundu, aliandika NILIAHIDIWA SHULE. Kingine aliandika NILIFUNGIWA JIKONI, na kingine, UTUMWA NI UTUMWA HATA KWA SHANGAZI. Siku ya mnada wa Mhunze alivitandaza chini, kati ya wauza sufuria na wauza michembe ya viazi vilivyokaushwa, akamsomea kila aliyesimama. Watu walicheka. Mama mmoja alivutiwa, akaomba maneno yafumuliwe yabaki maua, naye atanunua. Mama mdogo akamjibu kwa upole kwamba anachoweza kufumua ni maua. Nyumbani mama alimgombeza, akisema mambo ya ukoo hayapelekwi mnadani.

Pamba ilipouzwa tu, akaja mgeni. Aliitwa Mama Suzi, binamu wa baba aliyeolewa Geita, mcheshi, mikono imejaa sukari na sabuni. Alimtaka Limi. Alisema atamlea kama mwanawe na kumpeleka kujifunza cherehani, na baba alikuwa tayari anaitikia kwa kichwa, kwani kwetu mtoto ni wa ukoo, na kumnyima ndugu yako mtoto ni kumwambia wazi kwamba humwamini. Tena Limi mwenyewe alitaka kwenda. Alikuwa amechoka kuchuma pamba, na mgeni alikuwa na viatu vinavyong'aa. Asubuhi ile mama mdogo alikuwa ametandika vitambaa vyake vyote kwenye makochi ya baba. Mgeni alikisoma polepole kile alichowekewa, akasifu mkono wa mshonaji, kisha akaketi na kuegemea, mgongo wake ukafunika maneno.

Mama mdogo alipiga magoti, akamwamkia, na hakuinuka.

"Shemeji," alimwambia baba, "hata mimi niliondoka kwetu nikicheka. Mtoto huyu usimtoe."

"Unamtukana mgeni wangu ndani ya nyumba yangu," baba akasema. "Toa hivi vitambaa."

Alivikusanya kimoja kimoja, na kile cha mwisho ilimbidi amwombe mgeni ainuke kidogo. Limi alipopakiwa kwenye pikipiki, mama mdogo alilia kwa sauti ya msibani, mama akamfokea kwamba anamchuria mtoto. Mimi niliikimbilia pikipiki hadi pumzi ikaniishia, na Limi alikuwa bado anapunga mkono.

Yaliyompata ni yale yale yaliyokuwa kwenye vitambaa. Aliwahi kunieleza mara moja, kwa maneno machache, akanikataza kumuuliza tena. Baadaye aliolewa na mnunuzi wa dhahabu, na sasa ana nyumba nzuri Kalangalala. Mimi pia naishi Geita, nauza vitenge sokoni. Ukitazama juu juu utasema dunia imegeuka. Redioni wanakemea utumikishaji wa watoto kila wiki, na vitambaa vilivyochekwa mnadani vimetundikwa kwenye ukumbi wa parokia ya kwetu, wageni wa semina wanapiga picha mbele yake. Lakini mwezi uliopita nilikwenda kwa Limi, na chai ililetwa na binti mdogo aliyepiga magoti kunisalimia kwa lafudhi ya kwetu kabisa. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa sabuni. Nikamuuliza yuko darasa la ngapi. Limi akajibu badala yake.

"Ataanza mwakani. Ni mtoto wa ndugu."

Chai ilinishinda. Nimekuwa na hasira na huzuni tangu siku hiyo, na sijui ipi imezidi, maana huyu ni Limi yule yule niliyemkimbilia barabarani. Jana nilimpigia simu mama mdogo, ambaye siku hizi macho yake hayalioni tundu la sindano, nikamweleza yote.

"Kamtoe huyo mtoto," akasema. "Mimi nilishona tu, sikumtoa mtu."

Kesho nakwenda. Limi ni dada yangu na nampenda, na ni mimi nitakayemwambia kwamba ana mtumwa jikoni kwake.