Fundi Aliyezima Mashine Kabla ya Jenereta

Usiniambie niliota. Nilikuwa macho, jua la Juba linawaka nje, na hasira zangu hazijapoa mpaka leo.

Ofisi yetu ya mizigo pale uwanja wa ndege ilikuwa na seva moja ya Linux, kompyuta kuu ya ofisi, na mimi, Mkenya, ndiye niliyeitunza. Kila alasiri ilizimika. Meneja akaamua mkosaji ni Mama Poni, mfagiaji wetu: eti huchomoa waya ili achomeke birika lake la chai. Alisema atamfukuza Ijumaa. Ushahidi? Hakuna!

Nikasema mashine yenyewe itatoa ushahidi. Nikaandika journalctl -b -1, amri ya kusoma yaliyotokea kabla haijawaka upya. Ikajibu haina kitu. Folda ya /var/log/journal haikuwepo kabisa, kwa hiyo kumbukumbu zilikaa kwenye memori tu na kufutika kila ilipozimika. Fundi gani huacha mashine hivyo? Nikaiunda folda ili kumbukumbu zibaki, nikaanzisha upya huduma inayoziandika, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikakaa kungoja.

Alasiri, mafundi wa uwanja walipokaribia kuhamisha umeme kwenda jenereta kama kila siku, mwanamume mwenye shati la kampuni akanipita begani. Niamini, mlango ulikuwa bado umefungwa. Akainamia kibodi, akaandika, mashine ikazimika taratibu.

"Wewe ni nani? Mama wa watu anafukuzwa kwa ajili yako!" nikafoka.

"Malesh, samahani ndugu yangu. Mimi iko nalinda mashine. Jenereta ikiingia, umeme nakuja mbaya, naunguza."

Nikamrukia nimkamate, nikashika hewa. Nikawasha mashine, nikarudia amri, na sasa kumbukumbu zilikuwapo: aliyeizima ni Taban, jina nisilolijua. Nikamwita meneja. Alisoma, akakaa chini.

"Taban alikuwa fundi kabla yako," alisema. "Tulimzika."

Basi Mama Poni akawa huru, sivyo? Wapi! Meneja alisema hawezi kuwaandikia wakubwa wa Nairobi kwamba marehemu ndiye anayezima seva. Akamfukuza vilevile, nami nikamsindikiza hadi kwake Gurei akilia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni; hawa walimnyonga tu!

Niliacha kazi ile. Hadi sasa jenereta ikinguruma nageuka kutazama nyuma yangu. Wewe unayetunza mashine, unda hiyo folda leo. Na ukikuta humo jina la marehemu, usimwonyeshe bosi peke yake. Ita ofisi nzima isome, maana lawama watambebesha aliye hai.