Kicheko Nilichokiweka Shimoni

Niseme kosa langu mwenyewe kabla wengine hawajaniwahi: nilirekodi kicheko changu na kukiweka kwenye gemu, kisikike kila mchimbaji anapofukiwa na shimo.

Nilikuwa kidato cha pili, nyumbani Nyamisangura, mjini Tarime. Rashi, yaani mbio za dhahabu mpya, ilikuwa imetokea upande wa Serengeti, na watu walikimbilia huko kama kwenye harusi isiyo na mwaliko. Fundi viatu wa mtaani alifunga kibanda, viatu vyangu vya shule vikiwa ndani. Kaka yangu naye alienda. Alirudi kila Jumamosi, vumbi mpaka kwenye kope, na mama alikuwa na kawaida yake: hamuulizi neno mpaka amempa kikombe cha uji mkononi. Akishamaliza, ndipo habari zinaanza.

Wakati huo mwalimu wa kompyuta alituambia kwamba anayetaka kutengeneza magemu ajifunze kwanza kuandika programu. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwani anayekula nyama lazima ajue kuchinja?"

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. "Wewe endelea kula," alisema.

Nikaendelea. Kaka alikuwa ameniachia simu yake ya zamani, nikapakua kitu cha bure: unachagua mtu, unachagua shimo, unaweka sauti, gemu tayari. Huandiki hata mstari mmoja. Mtu wangu nilimvisha kofia nyekundu kama ya kaka. Anashuka kwenye duara, ndivyo wanavyoliita shimo la dhahabu, anaokota mawe, na mwisho duara linamfukia. Hata ucheze vizuri namna gani, linamfukia. Lilikuja hivyo, na mimi niliona ndio utamu wenyewe.

Nilimwonyesha kaka akiwa anakunywa uji wake.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, ila huyu anafanya kazi."

Akanizaba kofi la kisogoni, la upendo. Alipofukiwa kwenye gemu na kusikia nacheka, akarudisha simu, akaniita kijana kwa Kikurya. "Hicho kicheko toa, mura. Juu ya duara hatucheki. Wa juu akicheka hamsikii wa chini."

"Nitatoa."

Sikutoa. Nilikirekodi upya, kirefu zaidi, halafu nikawarushia darasa zima. Baada ya wiki mbili kaka aliniambia kimefika mpaka machimboni.

Duara lilimfukia kaka siku ya Alhamisi, baada ya mvua. Walikuwa wawili chini. Mwenzake alitoka. Sijawahi kuuliza kama siku ile pale juu kulikuwa na simu inayocheka, na sitauliza.

Msibani mama alikaa uani kwenye mkeka, katikati ya wanawake. Mimi nilikuwa nimebeba sufuria ya chai. Mtoto wa jirani alikuwa amejibanza nyuma ya tanki la maji na simu ya mama yake, na ghafla nikajisikia nacheka. Mdomo nimeufunga, sufuria mkononi, na nacheka. Mama akainua kichwa. Hakumtazama yule mtoto. Alinitazama mimi, kwa sababu kicheko changu anakijua.

Usiku sikulala, nikajaribu kukiondoa. Gemu likagoma: lilikubali sauti nyingine, halikukubali kukaa bila sauti. Nilikuwa najua kubonyeza tu. Kilichokuwa nyuma ya vile vitufe sikukijua hata kidogo.

Jumatatu nilimfuata mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umeshiba nyama?" Kisha akaniona uso, akaacha. Akavuta kiti cha pili mbele ya kompyuta.

Ilichukua miezi kujifunza kuandika gemu langu mwenyewe. Kompyuta haina utani. Ukisahau alama moja ndogo inakataa kazi yote. Mara mtu wangu apite katikati ya ukuta, mara agome kushuka. Jioni moja alianguka kwenda juu, akapaa mpaka akapotea kwenye kioo. Nilizima mashine, nikaenda nyumbani bila kumtania mtu njiani.

Mwishoni alikubali kupanda kamba. Gemu jipya halina kicheko. Juu ya duara kimya kabisa, na ukisikiliza unamsikia anagonga, unajua pa kushusha kamba. Nilipita kwa kila niliyemjua, nikiomba simu, nikifuta lile la zamani. Wengine walinizomea. Ilikuwa haki yao.

Kisha nikampelekea mama. Alikuwa anachambua maharage. Alifuta mikono kwenye kanga, akaishika simu mbali na macho. Nikamshushia kamba yule mtu. Akapanda, akatoka, akasimama mdomoni mwa shimo na kofia yake.

"Ndio mwisho?"

"Ndio, mama."

Alimtazama, akasema, "Mura, umemtoa halafu umemwacha amesimama tu. Mpe uji."