Zamu ya Kwanza Chemchemini

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa harufu ya tope. Zilikuwa zama za Mwingereza, mwaka wa ukame, nami nilikuwa nimetoka chuo kikuu kule Kampala, nahoji kila kitu, hata chumvi kwenye mboga.

Kijiji chetu kilikuwa nyikani, mbele ya mahali paitwapo Choma, kwenye chemchemi ambapo zamani misafara ya pembe za ndovu ilipiga kambi ikielekea Tabora. Pande zote vumbi na miiba. Kila kiangazi chemchemi ilijaa tope, na desturi ilikuwa hii: anayetangulia kuingia kulizoa, ng'ombe wake hunywa kwanza. Asiyeingia husubiri, na mwaka ule kusubiri kulikuwa kupoteza ndama.

Seif, rika langu, mjukuu wa Mwarabu aliyekuwa na misafara ile, alikuwa topeni daima kabla ya sisi wengine kuamka. Ng'ombe wake waling'aa. Wasichana walimtania kwa jina lake; mimi waliniamkia kama mzee, wakapita. Wivu ulinila, mwanangu. Nilichukia hata mluzi wake.

Nikatafuta silaha katika historia. Kila mtu kwetu alijua kwamba chemchemi iligunduliwa na mpagazi mgonjwa, aliyeachwa hapo na msafara bila maji. Alichimba mchanga mbichi kwa kucha, akapata maji, akapona. Basi nikasimama barazani.

"Msafara ule ulikuwa wa babu yake Seif," nikasema. "Ukoo uliomtupa mwenye chemchemi unakunywaje kwanza? Wawe wa mwisho!"

Wazee wakatazamana. Baadhi yao, nao wana ndama wao, wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Seif, tope limemkaukia magotini, akanigeukia.

"Basi njoo uzoe wewe, msomi. Tope halijui Kiingereza."

Watu wakacheka. Hapo bibi yangu, mama yake baba, akakohoa.

"Mjukuu wangu, wewe bingwa wa maswali, mbona moja umeliruka? Mwenye msafara alikuwa ametangulia mbele. Nyapara wa nyuma, aliyemnyang'anya mgonjwa kibuyu chake, alikuwa nani?"

"Sijui, Bibi."

"Babu yako."

"Umejuaje?"

"Kaniambia mwenyewe, mume wangu, huku analia. Safari ya kurudi alifika hapa koo limekauka, akamkuta yule mtu yuko hai, kakaa kando ya maji. Yule mtu hakumfukuza. Alimwambia, zoa tope, kisha unywe. Desturi yetu imetoka hapo. Kama ingekuwa kuulizana ukoo, baba yako asingezaliwa."

Nilitaka Seif anicheke. Hakucheka, na hilo liliniuma kuliko yote. Alichukua karai lake, akarudi chemchemini. Nikamfuata mbiombio, nikaingia topeni na viatu vyangu vya Kampala.

"Vua viatu kwanza, bwana!" akasema. "Unatuchafulia maji."

Siku ile ng'ombe wake walinywa kwanza, wa kwetu wakafuata. Hatukupoteza hata ndama mmoja.

Mwanangu, sikuambii uache kuuliza. Mimi mwenyewe sijaacha. Lakini ukijiona unachimbua habari za babu wa mwenzako, jiulize kwanza anacho nini unachokitamani, halafu chimbua za babu yako kwa bidii ileile. Na usidhani wivu huisha. Mpaka leo nikiona fahali wa Seif ananepa kwa mafuta, moyo unanichoma, nami natafuta karai niende kuzoa.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie maji usiyomnyima mtu, na akutie nguvu mikononi siku chemchemi itakapojaa tope.