Barua ya Mkono wa Kushoto

Konseye, kiongozi wa sekta yetu ya Nyamirambo, alikataa kiti. Alisimama mlangoni kwa mama mdogo, kofia mkononi, akasema, "Huyu mtoto yako, kama mwezi inaisha na iko bado bila kazi, arudi kwao. Kibali yake ya kukaa mujini hatutaongeza."

Hakunitazama hata kidogo. Nilikuwa hapo hapo nimeshika sahani za chakula cha mchana, nikisemwa kama kabati lililoziba njia. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku hiyo nilizimeza zote, maana vita vilikuwa vimeanza mpakani na mtu asiye na kibali hakuwa na la kumwambia askari kizuizini. Mama mdogo aliitikia, "Yego, tumesikia." Konseye alipoondoka chakula kilikuwa kimepoa.

Kwetu ni mashariki, kijijini, ambako mama yangu alikuwa amewatangazia majirani wote kwamba binti yake ana diploma. Kurudi na diploma hiyo nikaitundike juu ya majembe, hapana. Nilikuwa na wiki tatu.

Kesho yake nilikwenda kwa mwanamke mmoja aliyekuwa akipiga taipu barua za watu kwenye kibaraza, si mbali na msikiti. Alikuwa Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, mcheshi, mwenye kucha zilizogonga mashine kabla ya vidole. Nilimpa karatasi niliyoandika mambo yangu ya kuombea kazi, kile ambacho sote tulikiita seve. Aliigeuza upande wa pili, akakuta hakuna kitu.

"Iko mufupi sana, dada. Ni hii tu?"

"Ndiyo maisha yangu yote hayo."

"Basi umeishi kidogo. Lugha umeandika ngapi?"

Nilikuwa nimeandika Kinyarwanda na Kifaransa. Kiswahili nilikiacha makusudi, kwa sababu shuleni masista walituambia ni lugha ya madereva na wahuni, na mimi nilitaka kuonekana msichana wa ofisi. Yule mama alicheka mpaka akavua miwani. "Magari ya bidhaa yote inatoka Tanzania. Patroni wa kazi atasemesha madereva nini, Kilatini? Mimi ninaandika Kiswahili, tena juu kabisa." Akaandika kabla sijamjibu. Nilikasirika, lakini ukweli ni kwamba ukurasa ulianza kupendeza.

Tatizo halikuwa seve. Tatizo lilikuwa barua. Wakati ule, seve iliweza kupigwa taipu, lakini barua ya kuomba kazi ilitakiwa iandikwe kwa mkono wa mwombaji mwenyewe. Watu walisema wakubwa wanasoma tabia yako kwenye mwandiko. Nami mwandiko wangu ulikuwa aibu, au tuseme nilikuwa na miandiko miwili. Nilizaliwa natumia kushoto. Mama aliufunga mkono huo kwa kitambaa nilipokuwa mdogo, masista wakamalizia kwa fimbo, na nikajifunza kuandika kwa mkono wa kulia herufi zinazolala ovyo kama walevi. Nilipokuwa peke yangu, kushoto kuliandika vizuri mno. Ila mbele za watu sikuthubutu. Kwetu mkono huo haumpi mtu kitu, haumsalimii mkubwa, hauonekani mezani.

Niliiandika barua chumbani, pazia limeshushwa, kwa kushoto. Mama mdogo aliingia akanikuta, akarudishia mlango taratibu.

Nilipeleka bahasha sehemu sita. Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya pili ofisi moja ilinirudishia karatasi zangu zikiwa na doa la chai. Nililala vibaya, nikaamka vibaya, nikawa namjibu mama mdogo kwa mkato mpaka nikajionea haya. Siku tano kabla ya mwezi kwisha, nikaitwa na mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi. Alitafuta karani wa kuandika kadi za stoo.

Tulikuwa watatu ofisini: yeye patroni, mtu mzima mwenye sauti ya chini, mama mmoja karani mkuu, na mimi. Alinipa mkono, akaniuliza mambo mawili matatu kwa Kifaransa, kisha akahamia Kiswahili cha madereva. Nilimjibu bila kukwama. Akatabasamu, na moyo wangu ukaanza kutulia. Hapo akanisukumia karatasi na kalamu.

"Andika musitari tatu, zile za mwanzo ya barua yako."

Nilishika kalamu kwa mkono wa kulia. Sikufikiri hata, ndivyo unavyokaa mbele ya mkubwa. Nilipomaliza aliiweka karatasi kando ya barua yangu, akazitazama, akampitishia karani mkuu. Yule mama alitikisa kichwa.

"Nani alikuandikia hii barua?"

"Ni mimi, patroni."

"Juma iliyopita kijana alileta barua yenye kaka yake alimuandikia. Mimi natafuta mukono, munaniletea mikono ya watu. Uende tu, mutoto."

Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililoniogopesha. Nikikaa kimya nilikuwa mwongo. Nikisema, nilikuwa mtoto asiyefunzwa kwao. Nilimwona konseye mlangoni na kofia yake. Nikaona hasira zangu zinapanda, na safari hii sikuzimeza.

"Patroni, niruhusu niandike tena. Lakini usinione sina adabu."

Nikahamishia kalamu kushoto. Karani mkuu aligeuza uso dirishani, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mwenzake anaoga. Nikaandika mistari ile ile mitatu. Patroni akazilinganisha karatasi muda mrefu, kidole kikifuata herufi moja moja.

"Ungeenda nyumbani bila kusema?"

"Karibu niende."

"Kwa sababu ya mukono?"

"Kwa sababu yenu," nikasema.

Karani mkuu akageuka. Nilidhani nimejimaliza mwenyewe. Patroni akamwambia yule mama aniandikie karatasi ya kumpelekea konseye, kwamba nina kazi kuanzia Jumatatu. "Kadi ataandika na ile mukono inaandika vizuri," akasema. "Mwenye haitaki, aangalie pembeni."

Alitia sahihi, akagonga muhuri, akaninyooshea karatasi juu ya meza. Niliinuka nikaipokea kwa mikono yote miwili, kama inavyopasa.