Swali la Mwalimu Breki

Kwa miaka kumi na tisa alifundisha watu kuendesha gari, na wanafunzi walimwita Mwalimu Breki, kwa kuwa mguu wake haukubanduka kwenye ile breki ya pili iliyowekwa upande wa abiria. Hakuwa mtu wa kelele. Mwanafunzi akizimisha gari katikati ya makutano, honi zikimlilia nyuma, yeye alisema tu, "Wenye haraka ni wao. Washa tena."

Damu kwenye mkojo aliiona katika choo cha kituo cha mafuta, kati ya mwanafunzi mmoja na mwingine. Zahanati ikampa dawa za U.T.I., maambukizi ya njia ya mkojo, mara tatu. Mara ya nne alivikataa vidonge, akadai barua ya kwenda hospitali kubwa. Huko wakaingiza kamera, wakakuta uvimbe kwenye kibofu, wakaukwangua, kisha wakamtajia ugonjwa bila kuzunguka: saratani. Bahati nzuri ilikuwa bado juu juu, haijazama kwenye msuli. Kila Jumanne kwa wiki sita angewekewa dawa ndani ya kibofu kwa mpira mwembamba, akae nayo saa mbili, kisha aikojoe.

Hayo yote aliyapokea kwa kujikaza. Kilichomvunja nguvu ni godoro.

Jumanne ile ya kwanza, mumewe alibeba godoro la wageni na kulitandika sebuleni. Mume huyo alikuwa kinyozi, mpole, mwenye maneno mengi kwa wateja na machache nyumbani. "Upumzike vizuri," alisema. "Mimi nakoroma." Alikuwa amekoroma miaka ishirini na miwili pasipo kumwonea mtu huruma. Wiki ya pili alikuwa bado kulekule, na wakikutana kwenye korido alimpisha kama mtu aliyebeba sufuria ya maji moto.

Jumapili asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia, Mwalimu Breki aliingia kwenye saluni ya mumewe na kukaa kwenye kile kiti cha kuzunguka. Mumewe alikuwa akisugua mashine kwa spiriti.

"Unanikimbia," alimwambia kupitia kioo. "Kama ni kinyaa, sema. Nitaumia, lakini nitajua."

Kinyozi aliiweka mashine chini. "Kinyaa? Wewe? Kuna mteja aliniambia hiyo dawa ina vijidudu hai. Akasema na ugonjwa wenyewe unaambukiza, mtu akilala na mkewe. Wewe ndiye mgonjwa, mke wangu, ningeanzaje kukuuliza habari za kitandani? Halafu naona unavyojikunja ukitoka chooni. Nikaogopa mara mbili: nisiumwe, nisikuumize."

"Kwa hiyo daktari wetu siku hizi ni mtu aliyekuja kunyolewa ndevu."

"Hakuna mwingine aliyeniambia kitu."

Hapo alikuwa na haki. Karatasi waliyopewa hospitali ilieleza habari za choo peke yake. Kwa saa sita baada ya dawa akojoe amekaa, amwage dawa ya klorini chooni, asubiri robo saa, ndipo avute maji, anawe mikono. Habari za mume hazikuwemo hata kwa mstari mmoja.

"Jumanne tunakwenda wote," alisema, akashuka kwenye kiti.

Jumanne, muuguzi kijana alipokuwa akiandaa mpira, Mwalimu Breki aliuliza moja kwa moja: yeye na mumewe wanaweza kukutana kimwili, au hawawezi? Binti wa watu aliinamia trei. "Mama, si ungepona kwanza?"

"Nimeambiwa tiba hii inaweza kuchukua mwaka na zaidi. Unataka nimwambie mume wangu alale sebuleni mwaka mzima kwa sababu sisi watatu tunaona aibu?"

Muuguzi akasema atauliza. "Kaulize sasa hivi, mwanangu. Mimi nipo, na bado sijalala kitandani."

Akaja muuguzi mkuu, mama wa makamo mwenye miwani shingoni. Alisikiliza yote, na maneno ya yule mteja pia, akafungua mlango, akamwita kinyozi aliyekuwa amejificha nyuma ya gazeti.

"Saratani haiambukizi," alianza. "Si kwa kulala pamoja, si kwa busu, si kwa kikombe. Hilo litoe kichwani. Lakini mteja wako hakukosea lote. Dawa hii kweli ina vijidudu hai vilivyodhoofishwa, ndugu wa vile vya kifua kikuu. Kwa hiyo saa arobaini na nane baada ya kila dawa, tendo la ndoa hapana. Baada ya hapo, kondomu kila mara, mpaka wiki ipite tangu dawa ya mwisho. Akipata homa isiyoshuka, au ukiipata wewe, mje hapa."

"Na maumivu?" kinyozi aliuliza, macho sakafuni.

"Tumieni kilainishi cha maji. Mafuta ya mgando yanaharibu kondomu. Mwende taratibu, na akisema basi, iwe basi. Kulala kitanda kimoja na kushikana hakujawahi kukatazwa hapa."

Dukani kwa mwuza dawa, nyuma ya kaunta alisimama kijana aliyekuwa mwanafunzi wake, yule aliyefeli kurudisha gari nyuma mara mbili. Kinyozi akageuka kusoma tangazo la miswaki. Mwalimu Breki akataja alivyovitaka kwa sauti ileile ya darasani. Kijana akafunga mfuko, akasema, "Karibu tena, Mwalimu," kisha akatamani ardhi ipasuke immeze.

Godoro lilirudi stoo jioni hiyohiyo. Siku tatu zilizofuata walilala tu, mkono wa kinyozi juu ya bega lake, na mkoromo ukarudi na riba. Jumamosi mchana, mvua ikipiga bati na nyumba ikiwa tupu, walijaribu. Kondomu ya kwanza ilimponyoka kinyozi ikaangukia kwenye kandambili, wakacheka mpaka mbavu zikauma. Kuna wakati mkewe alisema "basi", na ikawa basi. Walipumzika. Baadaye ni yeye aliyesema waanze tena.

Wiki sita ziliisha. Baada ya miezi mitatu wakaingiza kamera, na daktari akaona ukuta wa kibofu ni safi. Hakusema amepona. Alisema dawa iendelee, Jumanne tatu kwa kila awamu, na kamera kila baada ya muda. Mwalimu Breki akaomba apangiwe saa za mapema, kwa kuwa saa tano alikuwa na mwanafunzi mpya. Kinyozi akatoa kidaftari mfukoni, akaandika tarehe zote tatu, na pembeni ya kila moja akaandika pia Alhamisi yake, saa arobaini na nane baadaye.