Siku Tuliyomfukuza Mwanahamisi

Ile siku tuliyomfukuza Mwanahamisi chuoni naikumbuka vizuri, mwanangu, na nataka uisikie kwangu kabla hujaenda kukaa kwenye hiyo kamati ya nidhamu waliyokuteua.

Nilikuwa mhadhiri kijana, ajira yangu bado ya majaribio. Ada ilipandishwa katikati ya mwaka, wanafunzi wakaomba kuonana na mkuu wa chuo. Hakutoka. Siku ya tatu walikusanyika mbele ya jengo la utawala, na wachache wakaanza kurusha mawe. Msemaji wao alikuwa Mwanahamisi, binti wa mkulima wa minazi kutoka Mwera. Mimi nilikuwa dirishani. Nilimwona kwa macho yangu akiwashika wenzake mikono, akiwasihi waache.

Jibu la chuo likawa polisi, kisha tangazo: kila mwanafunzi awe ameondoka kabla ya adhuhuri. Wiki mbili baadaye ikaitishwa kamati, nami nikiwa mjumbe mdogo kuliko wote.

Mwanahamisi alisomewa shitaka la kuongoza fujo. Akageuka, akanitazama.

"Mwalimu, wewe ulikuwepo. Waambie ulichokiona."

Mwenyekiti akaniuliza kama nina la kusema. Nikaifikiria ajira yangu. Nikamfikiria na mama yangu kule Kigombe, alivyokuwa akiwaambia majirani kwamba mwanawe anafundisha chuo kikuu. Nikasema sina. Ilipofika kura ya kumfukuza, nikanyoosha mkono pamoja na wenzangu.

Nilipomsimulia mama, hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na huyo binti, ana wazee?" Kisha akainuka kwenda kutia udhu.

Ilinichukua miaka minane kufika Mwera. Nilimkuta Mwanahamisi barazani kwao, anasuka makuti. "Shikamoo, mwalimu," akaniamkia, akanitolea kiti. Shikamoo ile iliniuma kuliko tusi. Nikamwomba radhi.

"Nimekusamehe siku nyingi," akasema, mikono yake haikusimama. "Ila baba amekufa akiamini kwamba nilirusha mawe."

 

Baada ya kura ile nilipandishwa cheo mara tatu, mwanangu, na sikumbuki hata kimoja nilichokifurahia sawasawa. Kushusha ada huenda usiweze. Hilo liko nje ya uwezo wako. Lakini vijana wakiomba kusikilizwa, uwe wa kwanza kusema wasikilizwe, kabla hayajafika ya mawe na polisi. Na mtoto wa mtu akisimamishwa mbele yako, kama umeona, sema ulichokiona, hata sauti ikitetemeka, hata ukibaki peke yako mezani.

Nenda salama. Mola akupe ulimi mkweli mbele ya wakubwa, awahurumie wote watakaosimama mbele yako, na akukinge na majuto kama haya yangu. Amina.